Karibu ya Bi Sijaona

Nchi ya Hodini haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuigonga muhuri, na mimi nimegonga mihuri mingi. Nilikuwa karani wa ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na miwili, hadi nilipostaafu na kiti changu akapewa mwingine siku ileile. Kwa hiyo nisemapo nimeona nchi, niaminiwe. Mimi si mtu wa ndoto, na hadithi za majini zinanichosha. Nilifikaje huko? Hilo nisiulizwe, maana sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa njiani kwenda kwa dada yangu Mwantumu, asubuhi, ukungu umetanda juu ya mashamba ya katani, nina bahasha kwenye mfuko wa koti. Nikaketi kando ya njia kufunga kamba za kiatu. Niliponyanyuka, njia ilikuwa nyingine.

Bahasha hiyo niieleze mapema, kwa sababu ndiyo iliyoniumbua. Ndani yake mlikuwa na barua niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa lugha safi ya ofisini, ikimtaka Mwantumu ahame nyumba ya marehemu baba kabla mwezi haujaisha. Baba aliiandikisha nyumba kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kusoma na mimi ndiye niliyepeleka karatasi. Mwantumu ndiye aliyeishi humo. Alimuuguza baba miaka minane, tukamzika, naye akaendelea kuishi humo miaka kumi na minne mingine. Sasa alikuwa ametokea mtu anayeitaka ile nyumba, na mimi nilitaka kumuuzia. Katika barua nilimwita dada yangu "mkaaji kwa hisani ya mwenye nyumba." Nililipenda sana neno hilo, mkaaji. Nimeliandika mara elfu maishani mwangu, na sikuwahi kujiuliza hata siku moja lina nini ndani yake.

Niliingia Hodini saa ya hodi. Mtaa ulikuwa mtupu na kuta nyeupe zilikuwa zikitoka katika ukungu moja moja, kila ninapokaribia. Mzee mmoja aliyevaa kanzu ya kijivu, daftari kwapani, alikuwa akipita mlango kwa mlango. Anasimama, anasema hodi kwa sauti ya kawaida tu, anasubiri. Ndani mtu anasema karibu. Mzee anaandika, anasogea mlango unaofuata. Hakuingia hata nyumba moja. Katika mitaa mingine nako walikuwako wenzake wakifanya vilevile, hata mji mzima ukawa unasema hodi, karibu, hodi, karibu, hapa kwa nguvu na kule kwa mbali. Nilisimama nikisikiliza mpaka nikasahau kwamba nilikuwa na safari.

Aliyenipokea alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mwembamba, kanga mbili za rangi ya zambarau zilizopauka, jina lake Bi Sijaona. Nilikuwa nimejibanza barazani kwake. Alitoka, akanitazama viatu, akasema mtu huyu hajanywa chai. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na tangu hapo nikawa mgeni wake. Sikuulizwa pasipoti wala barua ya mwenyekiti. Kitu kimoja tu alinisisitizia, tena kabla sijakalia mkeka: mgeni haitiki hodi. Ikifika saa ya hodi, mgeni hujaza maji mdomoni na kuyashikilia mpaka mpiga hodi apite. Akanionyesha kikombe changu cha bati, kimetundikwa msumarini karibu na mlango. Nilidhani ni mzaha wa kikongwe. La hasha. Kila nyumba ya Hodini ina vikombe vya wageni, na mtu mwenye adabu huchukua cha kwake bila kuambiwa.

Sababu yake ni sheria. Zamani, aliniambia, watu wa Hodini walikuwa na karatasi kama sisi. Kila nyumba ilikuwa na hati tatu, na kila hati ilikuwa na wenyewe wanne, na kesi zilirithiwa na wajukuu. Wakachoka. Wakazichoma karatasi zote uwanjani, wakakubaliana juu ya kipimo kimoja ambacho hata mtoto anakifahamu: mkaaji wa nyumba ni yule anayesema karibu hodi inapopigwa. Basi. Hapana hati, hapana shahidi, hapana muhuri. Nikiwa mtu wa mihuri hilo halikunipendeza, lakini lazima nikiri kwamba kipimo kilikuwa kizuri. Nani anasema karibu katika nyumba isiyo yake?

Kumbe wako wengi. Binadamu ukimpa mlango mmoja atatafuta dirisha. Siku zile mbili za mwanzo nilizunguka mjini na kusikia mambo ambayo ningeyaona ya kuchekesha kama watu wenyewe wasingekuwa makini mno. Kasuku mmoja aliitika karibu kwa miaka tisa na kuhesabiwa mkaaji wa nyumba ya ghorofa, akiandikwa daftarini kwa jina la Kasuku, mpaka sheria ikarekebishwa ikasema sauti iwe ya mwanadamu. Bwana mmoja aliyelala ukweni alipayuka karibu usingizini saa ya hodi ilipofika, na tangu siku hiyo mama mkwe wake ndiye anayejaza maji mdomoni. Hakuna anayesafiri. Harusi hufanyika vibarazani, na mazishini huenda watu wachache, kwa haraka, wakiangalia jua. Na mkabala na nyumba ya Bi Sijaona huketi mtu aitwaye Heri, fundi mwashi, bubu tangu kuzaliwa. Nyumba anayoitazama kutwa aliijenga yeye, jiwe kwa jiwe. Katika daftari ameandikwa "mpitaji wa kudumu."

Ila kilichonikaa rohoni ni waitikiaji. Matajiri wa Hodini waligundua mapema kwamba koo linaweza kuajiriwa. Bwana Ngwale, ambaye kila mtu alimtaja kwa heshima, alikuwa mkaaji wa nyumba arobaini na moja. Katika kila nyumba alimweka mtu mmoja chumba cha mbele, wa kusema, "Karibu, asema Bwana Ngwale." Vyumba vingine vyote hufungwa kwa kufuli. Nje, vibarazani, wanalala watu wasio na mlango, na asubuhi huamka na kuondoka kabla mpiga hodi hajafika ili wasimzuie njia. Nilimwona Bwana Ngwale mwenyewe. Kwa kuwa sheria inamhesabu yuko nyumba arobaini na moja, hana hata moja anamoweza kulala bila kuzua maswali, basi anaishi kwa dada yake. Asubuhi ile alikuwa amesimama mlangoni kwa dada yake, mashavu yamevimba, maji mdomoni, mgeni kama mimi.

Bi Sijaona alikuwa mwitikiaji wa Ngwale. Alikuwa ameitika katika nyumba ile miaka ishirini na sita. Alipoingia paa lilikuwa linavuja pande zote, akaliezeka. Alipanda mpapai uani, ukazeeka, akapanda mwingine. Mumewe alitolewa kwa mlango ule akienda kuzikwa. Kwa siri alikuwa amefungua vyumba vya nyuma, akavifagia na kuvifunga tena, kwa sababu, alisema, chumba kisichofagiliwa kinamfanya asilale. Yote hayo hayakuandikwa popote. Daftari liliandika maneno manne kila asubuhi, Karibu Asema Bwana Ngwale, na hayo manne alikuwa ameyasema yeye.

Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Ngwale alikuwa ametuma salamu kwamba anamshukuru, na kwamba keshokutwa atakuja mwitikiaji mwenye kifua kipya, kijana aitwaye Sefu Mlawa, na yeye apishe. Alinieleza hivyo jioni ya pili, tukichambua mchele, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Nikakasirika. Nina hasira za karibu, mke wangu marehemu aliniambia hivyo maisha yake yote. Nilimwambia Bi Sijaona kwamba jambo ni rahisi kabisa: kesho hodi ikipigwa, aseme karibu basi, asitaje jina la mtu. Sheria si inasema anayeitika? Aitike kwa jina lake, nyumba iwe yake, na Ngwale abaki na arobaini, zinamtosha.

 Alipepeta mara mbili tatu, pumba zikaruka. Kisha akasema, "Baba, jina lake nimelisema miaka ishirini na sita. Langu silijui linasikikaje mlangoni."

Nilimwambia tufanye mazoezi. Kesho yake asubuhi aliitika bado kwa jina la Ngwale, kisha, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho kabla ya siku ya Sefu, tulifanya mazoezi mchana kutwa. Nilitoka nje, nikafunga mlango, nikapiga hodi. Ndani akasema, "Karibu, asema Bwana..." akanyamaza. Tena. Tena. Heri bubu alituangalia kutoka upande wa pili na kufikia alasiri alikuwa ameacha kucheka na anainama mbele kila ninapopiga hodi, kama mtu anayeangalia penalti. Alipofika mahali pa kusema karibu peke yake, ikatoka ndogo, halafu ikatoka kubwa kidogo. Akaisema mara nyingi, uani, jikoni, kwenye vyumba vya nyuma. Nilimsikia akiisema peke yake na kucheka. Nilijiona nimetenda jambo la maana.

Sikufikiria koo la mtu wa miaka sabini.

Asubuhi aliamka hana sauti. Alifungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Tulikuwa tumesimama wote wawili nyuma ya mlango, na hodi zilikuwa zimeanza mwisho wa mtaa, zinakuja. Kikombe changu nilikuwa nimeshakijaza. Nilimtazama akishika koo lake, nikampa maji yangu anywe. Ningefanya nini tena? Akanywa yote. Mpiga hodi akasimama upande wa pili wa mlango, nikaona kivuli cha kanzu chini, akasema hodi. Bi Sijaona akajaribu, hakutoka kitu. Hodi ya pili. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hodi ya tatu ilipopigwa, ikapita kidogo, kukawa na kimya cha aina ambayo mimi sikulelewa kuivumilia. Mama yangu alitufinya masikio kwa kuacha hodi bila jibu. Mdomo wangu ulikuwa mkavu na mtupu.

"Karibu," nikasema.

Nilisikia kalamu ikiandika. Mpiga hodi aliuliza jina kwa upole, nikamtajia, kwa sababu nimezoea kujibu maofisa: Mbaruku bin Athumani. Akaandika na hilo, akaenda zake. Bi Sijaona aliketi sakafuni. Hakunilaumu. Baada ya muda alinyanyuka, akakichukua kile kikombe cha bati, akakisuuza, akakitundika msumarini. Kisha akakaa upande wa wageni. Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Nilimkimbilia mpiga hodi, nikamkuta mtaa wa tatu. Jina lake Shemdoe, mtu mzuri, mwenye miguu mibovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye huandika asikiacho, mambo ya maana ni ya Baraza la Maana. Akanisindikiza mwenyewe.

Baraza la Maana hukutana uwanjani nje ya mji. Hapo zamani lilikuwa na jengo, lakini siku moja mfagizi aliitika hodi na jengo likawa lake, na mpaka leo anaanika nguo humo. Tangu hapo wajumbe hawakubali kuwa ndani ya kitu chochote. Umebaki mlango tu, na fremu yake, umesimama peke yake kwenye majani, hauna ukuta huku wala huku. Wajumbe saba huketi upande mmoja juu ya viti. Mwenye shauri huja upande wa pili. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, na kupitia fremu ile niliwaona wakiwa hafifu, kana kwamba wako mbali sana, ingawa ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa wa kwanza. Nilipotaka kuzunguka, Shemdoe alinishika koti akaniambia si adabu, pita mlangoni.

Kazi ya Baraza ni moja: kulinda maana ya neno mkaaji. Msemaji wao, mwanamke mrefu mwenye miwani, Bi Kangeta, alinieleza kwamba asubuhi ile walikuwa katikati ya mjadala kama kikohozi ni kuitika. Mjadala huo ulikuwa katika mwaka wa sita. Wakauahirisha kwa ajili yangu, kwa shingo upande.

Nilisema yangu yote. Nilisema mimi ni msafiri, nina siku tatu tu katika ile nyumba, sijui hata taa inawekwa wapi. Nilisema yule mama ana miaka ishirini na sita humo, anajua ni kigae gani kinavuja na upepo gani unakivujisha, kwamba maiti ya mumewe ilitoka kwa mlango ule, kwamba kama kuna mkaaji katika dunia hii basi ni yeye, na sheria isiyomwona yeye haina macho. Nilisema vizuri. Nilitetemeka kwa jinsi nilivyokuwa nasema vizuri. Wajumbe walisikiliza na mmoja akatikisa kichwa kwa huruma.

Bi Kangeta akauliza je, kwetu inakuwaje. Kwetu, mtu aliyekaa miaka mingi katika nyumba, akaitunza, akauguza humo na kuzika humo, lakini jina ni la mwingine, tunamwitaje?

 Akanyoosha mkono. Sijui alijuaje kuhusu bahasha, au labda mkono wangu ulikuwa umeshaifuata mfukoni. Nikampa. Aliisoma kwa sauti, polepole, kwa heshima zote, akitamka kila silabi ya lugha yangu safi ya ofisini. Aliposoma "mkaaji kwa hisani ya mwenye nyumba" wajumbe walitazamana, na nikaona wamefurahi, kama watu waliopata ndugu ugenini. Mzee mmoja akaomba yarudiwe ili ayaandike. Walisema ni maneno mazuri kuliko yao. Walisema wao wamekuwa wakihangaika na kasuku na vikohozi, kumbe kuna nchi ambayo imemaliza kazi yote kwa neno moja, hisani, na mtu anatoka kwake kwa miguu yake mwenyewe bila hata kupigiwa hodi. Wakanipongeza. Mmoja alinyanyuka akanishika mkono kwa mikono miwili.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilisimama mbele ya mlango usio na nyumba, nikipongezwa, na machozi yakanitoka mbele za watu, mimi mzee mzima. Nilimwona Mwantumu akimgeuza baba kitandani. Nilimwona akipaka mlango rangi ya kijani, akinionyesha, na mimi nikisema nina haraka. Katika miaka ile minane nilikwenda mara nane, na kila mara nilibisha hodi kama mtoza ushuru, nikaingia kabla hajasema karibu.

Nilipopata sauti niliwauliza mkaaji anawezaje kuacha kuwa mkaaji. Bi Kangeta alifunua kitabu chao, ambacho ni chembamba sana. Mkaaji akitoka nje, akafunga mlango, hodi ikapigwa, nyumba ni tupu mpaka ajibu mtu aliye ndani. Akijibu kwa jina lake, ni yake. Zikipita hodi tatu bila jibu, nyumba inarudi kwa jina lililotangulia daftarini, nalo lilikuwa la Bwana Ngwale. Nikauliza tena, nikitaka kuwa na hakika: kwa kuwa Ngwale ameipoteza nyumba asubuhi hii, Bi Sijaona bado ni koo lake? Wakashauriana, vichwa pamoja, na sauti zao zikawa kama maji ya mfereji. Jibu likaja kwamba katika nyumba ile hakuna aliyemtuma. Koo ni lake mwenyewe, kwa leo.

Tulirudi, mimi na Shemdoe. Tulimkuta Sefu Mlawa barazani, kifua kipya kweli, ametumwa haraka. Aliniomba kwa heshima nimkaribishe ndani, maana bila karibu yangu hawezi kuvuka kizingiti. Nikamwambia baba, kaa hapo hapo, hewa ni nzuri. Alikaa. Nadhani hata yeye hakutaka sana.

Ndani, Bi Sijaona alikuwa bado upande wa wageni. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza yote, neno kwa neno, na kwamba zitakuwa hodi tatu na hakuna ya nne. Alitikisa kichwa, akagusa koo. Pumzi tu. Nilimwambia sina la kumpa tena, hata maji nimeshampa, ila nitakayepiga hodi ni mimi, si mwingine, na nitazipiga taratibu. Nikatoka nikafunga mlango nyuma yangu. Shemdoe akaandika kwamba nimetoka, kisha akaweka sikio lake karibu na mbao.

Ukungu ulikuwa umejaa mtaa. Sikumwona tena Heri ng'ambo ya njia, ila nilimsikia akisimama. Watu wa vibarazani walikuwa wamesogea, sikujua wangapi.

Nikapiga hodi ya kwanza. Ndani kimya. Nikahesabu pumzi zangu kumi, na Shemdoe, Mungu ambariki, hakunihimiza.

Nikapiga ya pili. Nilisikia kanga ikiburura sakafuni, kisha mkono ukigusa mlango kwa ndani, chini kidogo ya pale nilipokuwa nimeweka wa kwangu.

Nikakaa kimya muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu. Kisha nikapiga ya tatu, kama nilivyofundishwa utotoni, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba si lazima akubaliwe.

"Karibu," ikasema sauti. Ilikuwa imepasuka katikati, lakini ilifika.

Shemdoe aliuliza, kalamu tayari, "Karibu ya nani?"

 Na mimi nilikuwa nikiomba, kwa maneno ambayo sikuwa nimeyaomba tangu msiba wa baba.

"Yangu," ikasema sauti.

Nilisikia kalamu ikiandika, neno moja, fupi. Mahali fulani katika ukungu mtu alianza kupiga makofi, makofi ya mikono mizito ya fundi mwashi, peke yake, kwa muda mrefu. Nikabaki na kiganja changu juu ya mbao, nimeinamisha kichwa, nikingoja mlango ufunguliwe na aliyenikaribisha. Rangi ya mbao chini ya vidole vyangu ilikuwa ya kijani. Ilikuwa imebabuka kidogo karibu na kitasa.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwantumu, mikono imejaa unga, kitambaa kichwani, amekonda kuliko nilivyomwacha. Nyuma yangu jua lilikuwa limeshatoka na katani zinang'aa mpaka mwisho wa macho.

"Mbaruku? Nimeshasema karibu mara tatu, hunisikii? Na tangu lini unangoja mlangoni? Mtu anapiga hodi kwao?"

"Shikamoo dada," nikasema. "Napiga hodi kwako."

Alinitazama vizuri, akaitikia marahaba polepole, akauliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Nikatia mkono mfukoni, na bahasha haikuwamo. Waliomba ibaki kule, nadhani, kwa ajili ya masomo. Sikuitafuta. Nilimwambia kesho twende wote ofisini, kuna neno moja lililoandikwa vibaya katika hati ya baba na mimi ndiye niliyeliandika. Akasema mambo ya ofisi yangu ananiachia mwenyewe, niingie, chai inapoa.

Nikavua viatu. Nikaingia, nikakaa pale wanapokaa wageni.